Ramu Nyeusi Juu ya Tangawizi

Sikuwa nimemaliza hata wiki nyumbani tangu nilipokabidhi funguo za kaunta, Brenda akanipigia simu kuuliza kama siagi inaingia kwenye ramu ya moto kabla ya maji au baada. Nikamjibu. Kesho yake akapiga tena, mara hii kuhusu nanasi. Nikamwambia, mwanangu, acha kumaliza kredo ya simu, nitakaa chini niandike. Kwa hivyo haya ni ya Brenda, na ya Kelvin, na ya yeyote atakayesimama nyuma ya ile kaunta ya Ruiru baada yao. Vyeo sitavitaja. Katika kazi yetu kupanda cheo ni kusogezwa karibu na friji ya barafu.

Nilianzia Thika, katika hoteli moja karibu na mto, ya watalii wanaopita na watu wa viwandani wanaotaka kula bila kelele. Niliajiriwa jikoni, kukata matunda. Mzee Mutiso, aliyekuwa mkubwa wa kaunta, alikuja siku moja kutafuta nanasi akanikuta nikilimenya kwa mzunguko, kufuata yale macho yake, bila kumwaga maji.

"Wewe msichana, nani alikufundisha?"

"Njaa," nikasema. Kwetu Gatanga nanasi lilikuwa likipatikana mara moja moja, na hakuna aliyetupa kipande.

Aliniangalia kidogo, akaenda zake. Jioni hiyo nikaambiwa kesho nisije na aproni ya jikoni.

Mutiso alikuwa Mkamba wa Kithimani, mwembamba, na koti lake jeupe lilipigwa pasi hadi likasimama lenyewe. Hakunywa pombe. Waliomshangaa aliwaambia, "Mimi nauza. Nani amekwambia nanunua?" Jumapili aliimba besi kanisani, na Jumatatu sauti hiyohiyo iliwatuliza walevi.

Asubuhi yangu ya kwanza kaunta hakunionyesha chupa wala glasi. Alisema, "Lete mikono." Akanidondoshea ramu nyeusi kidogo kwenye kiganja. "Sugua. Tena. Sasa ngoja ukali uruke, halafu unuse. Unasikia nini?"

Nilinusa. Nilitaka kusema kitu cha maana, lakini pua haina adabu.

"Chakula cha ng'ombe," nikasema.

Mama alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, na wakati wa kiangazi tulimkorogea majani makavu na molasi ili ayale. Harufu ilikuwa hiyohiyo. Mutiso alicheka mpaka akashika kaunta. "Wenzako wote huniambia vanila," alisema, "na hakuna hata mmoja amewahi kuona vanila." Ndipo akanieleza kwamba ramu ni mtoto wa molasi, ule uji mweusi unaobaki sukari ikishatolewa kwenye miwa. Watu waliona ni uchafu, wakawapa mifugo, mpaka mtu fulani akauacha ukachacha, akauchemsha, akaufungia kwenye pipa la mbao. Pipa ndilo hufanya mengine. Ukisugua tena ile ramu kiganjani, chini ya ng'ombe utakuta ndizi iliyoiva ikasahauliwa, na chini ya ndizi, mbao.

Pia alinionya kuhusu rangi. Weusi si umri. Ramu nyingine imekaa kwenye pipa mpaka ikajua maisha, na nyingine imetiwa sukari ya kuungua tu jana, kama nywele za meneja wetu wa wakati huo. Ndiyo maana mnanusa kabla ya kuamini.

Baada ya hapo nilijifunza vinywaji vyenyewe. Ile panchi, mchanganyiko wa ramu wa wakulima wa miwa wa visiwani, niliifundishwa kwa wimbo: moja chachu, mbili tamu, tatu kali, nne maji. Ndimu, sukari, ramu, na mwisho barafu na juisi ya kulainisha. Mutiso alisema ukijua huo wimbo unaweza kufanya kazi popote, hata mahali wasipojua jina lako. Lakini nanasi letu la Thika huvunja hesabu. Likiiva vizuri ni tamu kuliko sukari yenyewe, kwa hivyo mbili tamu inakuwa moja, na moja chachu inakuwa karibu mbili. Onja nanasi kila asubuhi, Brenda. Jana haijui leo. Nimeona mtalii akisafiri kutoka ng'ambo, akapita katikati ya mashamba ya mananasi, akaketi kaunta, akaniuliza kama tuna juisi ya mkebe.

Daikiri ya ramu nyeusi ni mtihani wa mkono kwa sababu haina pa kujificha: ramu, ndimu, sukari, basi. Ukiitikisa kidogo ni kali, ukiitikisa sana ni maji. Tikisa mpaka kopo la kutikisia likuume vidole kwa baridi, halafu uache. Mai tai, ile ya ramu na sharubati ya lozi, nilishindwa nayo kwa msimu mzima, na bado nadhani inahitaji mtu mwenye subira zaidi. Ramu ya moto ni ya Julai, wakati ukungu unakaa Thika mpaka saa nne na watu wa mlimani wanashuka wakitetemeka. Sukari, mdalasini, siagi, ramu, na maji ya moto mwisho kabisa ili yayeyushe kila kitu kwa pamoja. Nadhani sasa nimelijibu hilo mara ya pili.

Na kuna ile niliyoipenda kuliko zote, ambayo Wazungu huiita kwa jina la dhoruba. Jaza glasi ndefu barafu, kamua ndimu, mimina soda ya tangawizi iliyo kali. Kisha geuza kijiko kirefu, mgongo juu, umwagie ramu nyeusi polepole ikitambaa mgongoni mwake. Haizami. Inakaa juu kama wingu linalokuja kutoka upande wa mlima Kilimambogo, na mnywaji anainusa kabla hajaionja. Mteja akiikoroga mara moja akamaliza wingu, usimwambie kitu. Ni yake.

Mutiso hakuwa mtu wa kuhubiri, ila jambo moja alilirudia mpaka nikalichoka: katika glasi ya mtu pasiwe na kitu asichokijua. Usimwongezee kali ili afurahi, wala usimpunguzie ili ubane chupa. "Huyu mtu amekupa mdomo wake," alikuwa akisema. "Hata mke wake hamwamini hivyo."

Nyumbani nilimwambia mama nafanya kazi hotelini, na ulikuwa ukweli. Alipouliza nafanya nini huko nikasema nachanganya. Akadhani ni juisi. Alikuwa mama wa kanisa, mwenye kitambaa cha kichwa na kiti chake mbele. Binamu yangu mmoja alipomwambia vizuri ninachochanganya, alinyamaza tangu mvua za masika mpaka mahindi yakakauka. Siku moja, tukipukuchua, akaniuliza bila kuinua kichwa, "Na hao watu, huwa mnawapa chakula kwanza?"

"Tunawapa, mami."

"Sawa," akasema, na hatukuzungumza tena habari hiyo mpaka alipofariki. Mpeni mtu chakula kwanza. Hiyo ni ya mama yangu, si ya Mutiso.

Mutiso alistaafu, akarudi Kithimani kulima ndengu na kugombana na mbuzi. Mimi nikahamia Ruiru, kwenye ile klabu mnayoijua, iliyokuwa imezungukwa na kahawa pande zote. Nilipofika, ukisimama kaunta ulitazama mistari ya mibuni mpaka macho yachoke. Mwaka baada ya mwaka mibuni iling'olewa, na maghorofa yakaota mahali pake, kila moja na nguo zake zimeanikwa kwenye roshani. Makarani wa mashamba ya kahawa waliacha kuja, wakaja vijana wa kompyuta. Hawa huagiza kwa kuonyesha picha kwenye simu.

Mzee Gathecha alikuwa wa zamani. Maisha yake yote alikuwa mwonjaji wa kahawa, mmoja wa wale wanaovuta kijiko kwa sauti kama maji yanayoingia kwenye bomba, wakatema, wakasema hii imetoka bonde gani na ilioshwa vibaya na nani. Alipostaafu aliuleta ulimi huo kwangu. Mara ya kwanza nilipompa ile dhoruba alivuta wingu la juu kwa kelele hivyo hivyo, watu wakageuka.

"Tangawizi ni ya chupa," alisema.

"Ndiyo, Mzee."

"Mbona usitwange yako?"

Nikaanza kutwanga yangu. Tangawizi ya sokoni, ile ndogo yenye nyuzi, ndiyo kali, si ile kubwa ya kupendeza macho. Kwa miaka mingi tulifanya kazi hivyo, yeye upande ule na mimi upande huu. Alikuja mchana, pamoja na mkewe, wakakaa meza ya pembeni inayotazama nje. Mkewe alikunywa chai, yeye glasi moja, na walibishana kama mibuni iliyobaki ilihitaji kupogolewa au la, ingawa haikuwa yao.

Kisha mkewe akafariki.

Aliendelea kuja kwenye meza ileile. Glasi moja ikawa mbili, na mimi nikasema moyoni, ni msiba. Baadaye ikawa anafika kabla sijamaliza kukata ndimu za siku. Hakuwa na kelele, hakumtusi mtu, hakuinua sauti. Walevi wenye kelele ni rahisi, mnawatoa nje. Huyu alikaa wima na tai yake, akiniambia tangawizi ya leo ni ya wapi, na alikuwa bado hakosei. Ila macho yalianza kugeuka manjano, na mkono ulitulia tu baada ya glasi ya kwanza. Siku moja akaanguka pale maegesho, akajikung'uta, akasema ni kokoto.

Binti yake alikuja asubuhi, kabla hatujafungua. Anaitwa Wambui, ni muuguzi Thika, na alikuwa bado na sare ya kazini chini ya sweta. Nilimpa chai. Aliishika tu.

"Auntie, wewe ndiye humtengenezea dadi?"

"Ni mimi."

"Ini linaisha. Daktari amemwambia mara ngapi sijui, na yeye anaitikia tu, 'ndiyo daktari,' halafu anakuja hapa." Alifuta macho kwa kiganja, haraka, kama mtu aliyezoea kufanya hivyo kati ya kitanda na kitanda. "Nimekuja kukuomba kitu kimoja. Mtilie maji. Leo kidogo, kesho zaidi, mpaka iwe tangawizi peke yake. Hatajua."

"Wambui, baba yako atajua kabla hajameza."

"Basi mwekee kitu cha kufanana."

"Siwezi."

"Huwezi ama hutaki?"

Nikamwambia ukweli, kwamba ni yote mawili. Sijawahi kuweka kwenye glasi ya mtu kitu asichokijua, na sikutaka kuanza na mtu aliyekuwa akiniamini kiasi hicho. Alisimama. Hakupiga kelele, na ningependa angepiga.

"Kwa hivyo hutamdanganya. Ni sawa, wewe ni mtu wa ukweli." Akaweka kikombe mezani, chai ikiwa imejaa. "Lakini utaendelea kumpimia?"

Alitoka bila kungoja jibu.

Nilimwuliza meneja. Akasema Mzee Gathecha ni mwanachama, ni mtu mzima, hasumbui mtu, na sisi si zahanati. Kila neno lilikuwa kweli. Nikampigia Mutiso. Nyuma yake nilisikia mbuzi, na mtu akimfukuza mbuzi. Nilimweleza yote.

"Mimi sikuwahi kumkatalia mtu aliyekuwa amesimama kwa miguu yake," alisema. "Niliita hiyo heshima. Siku hizi hulala nikiwahesabu."

"Sasa nifanye nini, Mzee?"

"Sijui, Nyambura. Ningekuwa najua ningekufundisha."

Nilikuwa nimezoea kwamba Mutiso anajua. Nilikata simu nikiwa na hasira naye, kama mtoto.

Siku iliyofuata Mzee Gathecha alifika, akaketi, akainua kidole chake kama kawaida. Sikuchukua glasi. Nilivua aproni, nikatoka nyuma ya kaunta, nikaenda kwenye meza yake, nikavuta kiti cha mkewe nikakaa. Mnajua sheria: mhudumu hakai na mteja. Alinitazama kana kwamba chupa ndiyo iliyotembea.

"Kuna nini?"

"Mzee, sitakupimia tena."

"Imeisha?"

"Haijaisha. Ipo. Ni mimi sitakupimia."

Alirekebisha tai. "Nani amekutuma?"

"Wambui alikuja. Lakini hakunituma hivi. Yeye alitaka nikutilie maji bila wewe kujua."

Hapo kidogo acheke. "Maji! Huyo mtoto hajui baba yake alikuwa nani." Kisha kicheko kikaondoka usoni. "Kutoka hapa mpaka Githurai kuna baa ngapi, Nyambura?"

"Ni nyingi."

"Na zote zitanipimia."

"Zitakupimia."

"Sasa wewe umesaidia nini?"

"Sijui kama nimesaidia, Mzee. Ninajua tu kwamba mkono wangu sitautumia."

Aliinuka taratibu, akashika mgongo wa kiti mpaka miguu ikakubali. "Nilidhani wewe ni rafiki," alisema, bila ukali, na akatoka. Wiki hiyo alipeleka malalamiko kwa kamati, nami nikaitwa, nikapewa onyo. Sikubishana. Mwanachama alikuwa amenyimwa huduma, na aliyemnyima ni mimi.

Meza ya pembeni ilikaa tupu. Watu wengine waliikalia, lakini mnanielewa.

Naishi Witeithie, kama mnavyojua. Siku moja ya mapumziko nilikuwa nikienda kununua mboga ya sukuma, nikapita mbele ya duka moja la pombe, haya tunayoyaita wines, lenye wavu wa chuma mbele na muuzaji ndani kama mfungwa. Nje palikuwa na kreti za soda zilizopinduliwa, na juu ya mojawapo alikuwa amekaa Mzee Gathecha. Shati bila tai. Mkononi alikuwa na kichupa cha plastiki cha bei ya chini, kile kisichosema kimetoka kwa nini.

"Sasa, Mzee," nikasema.

Alikiinua kichupa kwenye mwanga. Kilikuwa cheupe kama maji.

"Onja," alisema. "Haina harufu ya kitu. Si muwa, si mahindi, si kitu. Ni kama kunywa rangi ya ukuta."

"Mbona basi unakunywa?"

"Kwa sababu haina harufu ya kitu," alisema, akageuza uso.

Nilimwomba aje kwangu, ni karibu, nimpikie chai na kitu cha kula. Akasema asante, ameshakula. Hakuwa amekula. Niliondoka bila sukuma, nikatembea mpaka barabarani kabla sijakumbuka nilikuwa nikienda wapi. Nilikuwa nimemtoa kwenye ramu safi, kiti safi, na mtu aliyejua jina lake, nikampeleka pale. Hivyo ndivyo nilivyoliona, na mtu anayeniambia haikuwa hivyo namsikiliza tu kwa heshima. Nilimpigia Wambui nikamwambia alipo. "Ninajua," alisema. "Kila siku nikitoka kazini humfuata na kumrudisha." Sauti yake ilikuwa imekauka. Kisha akasema, "Asante kwa kunipigia," nikahisi alikuwa akilisema bila kulipenda.

Kabla ya mwezi kuisha Mzee alitapika damu sebuleni kwake, wakamkimbiza hospitali. Alilazwa muda mrefu. Sikwenda kumwona. Nilifika getini mara moja na matunda, nikampa mama mmoja aliyekuwa akiingia wadi ileile, nikarudi.

Nilikuwa nimeshakubali kwamba nitasikia habari zake kwa tangazo la mazishi. Halafu mchana mmoja, kaunta ikiwa haina mtu, mlango ukafunguliwa, akaingia Wambui akiwa amemshika baba yake kiwiko. Mzee alikuwa amekonda mpaka koti lilining'inia kama liko kwenye henga, lakini tai ilikuwepo. Hakwenda kwenye meza. Alikuja moja kwa moja kaunta, akapanda kiti kirefu kwa shida, akakataa kusaidiwa.

"Nipe tangawizi," akasema.

Wambui alinitazama juu ya bega la baba yake. Sikujua macho yale yalikuwa yakisema nini, kwa hivyo nikatazama kazi.

Nilitwanga tangawizi ya nyuzi. Niliweka sukari nguru kwenye kisufuria, nikaiacha iungue mpaka ikawa nyeusi na kuanza kutoa moshi, nikaizima kwa maji kidogo. Glasi ndefu, barafu, ndimu, tangawizi, soda. Nikageuza kijiko, mgongo juu, nikamimina ile sukari nyeusi taratibu kama ramu. Ikazama yote. Ramu ni nyepesi, hukaa juu. Sukari ni nzito. Wingu lilikaa chini ya glasi, dhoruba imepinduka, na mimi nikasimama nikiitazama kwa aibu.

Mzee Gathecha aliitazama pia. Aliinua, akavuta kwa ile kelele yake ya zamani. Wambui akashtuka, nadhani alikuwa hajaisikia siku nyingi.

"Haifanani hata kidogo," alisema.

"Najua, Mzee."

"Sukari umeiunguza kupita kiasi. Ina uchungu nyuma ya ulimi."

"Ni kweli."

Alivuta tena, akafikiri. "Kesho punguza moto."

Wambui alikwenda haraka chooni, akakaa huko muda.

Sitawaambia kwamba ilikuwa rahisi baada ya hapo. Alirudi kwenye kile kichupa mara moja, wakati wa kumbukumbu ya mkewe, na tukaanza upya tukiwa na hofu zaidi. Lakini alikuja. Tulipunguza moto. Tukajaribu ganda la nanasi lililochemshwa, akasema linapiga kelele. Tukaweka mdalasini, akasema niupeleke nyumbani nikaweke kwenye chai. Tukafika kwa chumvi kidogo, kidogo sana, na ndizi mbivu iliyochemshwa na sukari kisha ikachujwa, na hapo alivuta, akavuta tena, akasema, "Sasa hii inatoka mahali." Hiyo ndiyo mnayowauzia madereva, wajawazito na watu wa kanisa leo, Brenda, na ndiyo sababu mnatakiwa kuitengeneza asubuhi, si wakati mteja ameshaketi. Msiiandike kama ramu isiyo na ramu. Si kweli, na yeye angekasirika.

Alipata miaka kadhaa. Alimwona mjukuu akianza shule, akambishia mwalimu wake. Alikwenda usingizini, mwaka huo niliokuwa nikijiandaa kustaafu. Daktari alisema ni moyo, si ini.

Mazishi yalikuwa nyumbani kwao, upande wa Gatundu, kwenye shamba lililokuwa bado na mibuni michache. Watu wa kahawa walikuja, wa kanisa walikuja, wa klabu tulikaa nyuma chini ya hema, tukijaribu kutofanana na watu wa klabu. Msemaji alisoma maisha yake: alikozaliwa, alikosoma, kahawa alizoonja, wajukuu. Habari za miaka ile ya kichupa aliziruka, kama inavyofanywa. Baada ya jeneza kushuka akaita familia kutia mchanga. Wana, mabinti, wakwe. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta pochi niondoke, nikamwona Wambui anapita kati ya viti kwa viatu vyenye udongo. Alinishika mkono akanivuta mbele. Nilijaribu kukataa. Mkono wa muuguzi huwezi kuuondoa.

Tulipofika ukingoni mchungaji alitutazama, kipaza sauti kikiwa bado hewani. Alikuwa mtu mwema, alitaka tu kila mtu atajwe vizuri.

"Na huyu mama," aliuliza, "tumtambue kama nani wa familia?"

"Ni yule aliyemkatalia," akasema Wambui.

Mchungaji alingoja, akidhani kuna maneno mengine yanakuja. Hayakuja. Wambui akachomoa koleo kwenye lundo la udongo, akanipa.